Muhogo Hauna Haraka

Msafiri atokaye Sake akapanda kwenda Masisi, kisha akashuka upande wa pili mpaka Walikale, hupita katika nchi mbili za upishi. Juu milimani kuna ukungu wa asubuhi na malisho ya ng'ombe. Huko chungu cha jioni ni maharagi na viazi ulaya, au viazi vitamu, au ugali wa mahindi, na mwenye ng'ombe huongeza maziwa ya kuganda tunayoyaita mashanza. Kadiri mtu anavyoshuka, joto lazidi, msitu wakaribia barabara, na maharagi yapungua sahanini. Akifika Walikale penye Mto Lowa, akuta muhogo, ndizi za kupika, mchele, mawese, karanga, sombe na samaki wa mtoni. Katika ramani mwendo huo si mrefu. Matope na vita ndivyo vinavyourefusha.

Leo hatutaki kusimulia habari za karamu. Siku ya Noeli au ya ubatizo kila mama ajua la kufanya, na kuku hakosi kupatikana. Twataka kusema juu ya chungu cha Jumatatu na cha Alhamisi, kile ambacho hakuna mgeni wa kukisifu, lakini ndicho kinachowajenga watoto au kuwadhoofisha. Na katika chungu hicho tutaanza na muhogo, kwa sababu ndio unaowashibisha watu wengi upande wa Walikale na katika sehemu za chini za Masisi, tena ndio wenye jambo ambalo wengi hulifanya kwa desturi pasipo kujua sababu yake. Mtu asiyejua sababu ya desturi ni rahisi kuiacha siku ya shida.

Muhogo si mwenyeji wa Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha pwani ya Kongo katika karne ya 16. Kutoka pwani ukaingia bara polepole, kijiji kwa kijiji. Wanyanga wa Walikale walikuwa watu wa ndizi tangu zamani. Katika masimulizi ya shujaa wao Mwindo, yaliyochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, chakula kinachopikwa ni ugali wa ndizi. Muhogo ni mgeni aliyekuja na masharti yake.

Uko muhogo mtamu na uko muhogo mchungu. Mtamu waweza kuchemshwa tu na kuliwa. Mchungu huzaa sana, huvumilia ardhi iliyochoka, na panya, nguruwe wa mwitu na hata wezi huuogopa. Kwa hiyo mkulima huupenda. Uchungu huo ni silaha ya mmea wenyewe. Mzizi ukikatwa au kupondwa, maji yaliyomo ndani yake hufanya sumu iitwayo sianidi. Wazee wetu hawakulijua jina la sumu hiyo, walakini waliijua dawa yake, nayo ni maji na siku.

Kila mama wa Walikale aijua kazi yenyewe: kumenya, kuloweka kijitoni au katika pipa, kungoja, kuutoa ukiwa laini, kuondoa nyuzi, kukamua, kuanika, kutwanga na kuchekecha. Akitaka kwanga, badala ya kuanika husaga au kutwanga ule muhogo mbichi uliolainika, akaufunga katika majani na kuupika kwa mvuke. Muhogo ukikaa majini siku tatu huanza kuchacha. Wakati wa kuchacha, sumu huachana na nyama ya mzizi. Sehemu huenda na maji, sehemu huruka hewani. Harufu ile kali ambayo wageni huikunjia uso ndiyo dalili ya kwamba kazi yafanyika.

Hapa pana jambo la kuangaliwa na wale waliohama. Siku tatu ni kipimo cha nchi ya joto. Milimani maji ni baridi, na kuchacha kwenda polepole. Mzizi ambao kule Walikale hulainika siku ya tatu, huku juu waweza kudai siku nne, tano au zaidi. Kwa hiyo mama asihesabu siku peke yake, bali apime kwa vidole. Mzizi ukivunjika na kupondeka mkononi pasipo nguvu, umekuwa tayari. Ukiwa bado mgumu katikati, urudishwe majini, hata kama watoto wanalia. Wala asidanganywe na jua. Kuumenya muhogo mchungu na kuuanika tu pasipo kuuloweka hakutoshi, kwa maana hukauka upesi na sumu nyingi yabaki ndani.

Miguu iliyofungwa

Katika nchi ya Kwango, upande wa magharibi wa Kongo yetu, kuna ugonjwa ambao Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Mtoto au mama kijana huamka asubuhi akiwa mzima, akaenda shambani au kisimani, na ghafula miguu yote miwili yakakamaa. Hana homa, wala hakuanguka. Tangu siku hiyo hutembea kwa ncha za vidole akiegemea fimbo, au hatembei tena kabisa. Ugonjwa hauzidi baada ya hapo, lakini hauponi pia. Wengi walisema ni uchawi, na jirani asiye na kosa akachukiwa.

Waganga wa hospitali waliotafuta sababu yake walikuta ya kuwa watu hao wamekula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha kwa muda wa majuma mengi, na karibu nao hapakuwa na chakula kingine. Tena walikuta jambo la kushangaza. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipojengwa, wachuuzi walikuja na malori, wakinunua muhogo kwa wingi. Ili kuwahi lori, wanawake wakapunguza siku za kuloweka, kutoka tatu mpaka mbili au moja. Watafiti waliandika juu ya njia hizo za mkato mwaka 1992. Fedha iliingia nyumbani, na konzo ikaingia pamoja nayo. Huko Msumbiji, katika jimbo la Nampula, ukame ulileta msiba uleule mwaka 1981, na watu zaidi ya elfu moja walipooza miguu. Wala si mambo ya mbali tu. Mwaka 2011 waganga waliandika ya kuwa konzo imeonekana katika Kivu ya Kusini, katika sehemu zilizoharibiwa na vita.

Basi tuangalie hali yetu wenyewe. Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika Masisi-Centre, na mwezi wa Machi mwaka uleule vikafika Walikale-Centre. Watu walikimbilia msituni na katika vijiji vya jirani wakiwa na sufuria moja na watoto mgongoni. Mtu aliyekimbia hana pipa la kulowekea, na kijito chenyewe pengine kina hatari. Hung'oa muhogo wa shamba lolote, naye hajui kama ni mtamu au mchungu. Njaa humwambia apike leo. Hatuwezi kumlaumu mama wa namna hiyo. Twaweza tu kumwambia ni kitu gani kilicho cha lazima, ili akipata nafasi ya siku tatu za utulivu asizipoteze.

Hata pasipo vita, haraka hutafuta mlango wake. Katika miaka ya 2000 wachimbaji wa kasiteriti kule Bisie walilishwa kwa mizigo iliyobebwa mgongoni kupita msituni, na ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami kule Kilambo kuchukua madini. Mahali pa machimbo muhogo hauliwi na mwenye shamba peke yake. Wauzwa, na mnunuzi mwenye fedha mkononi hana subira. Mwanamke auzaye unga na afikiri ya kuwa mlaji wa unga huo ni mtoto wa mtu.

Kwa unga ulionunuliwa sokoni, ambao mama hajui ulilowekwa siku ngapi, iko njia nyepesi. Ilifikiriwa na Bwana Howard Bradbury wa Australia, na wanawake wa Popokabaka katika Kwango walifundishwa kuitumia tangu mwaka 2010. Tia unga mkavu katika bakuli, utandaze juu yake uwe sawa, kisha weka alama ndani ya bakuli mahali unga unapofika. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka chini ya alama, halafu utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha kumimina. Utandaze unga huo wenye unyevu juu ya mkeka safi, wembamba usiozidi unene wa kidole. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu iliyobaki huruka yenyewe. Kisha songa ugali siku hiyohiyo, kwa sababu unga uliolowa hauwezi kuwekwa. Twaona ni jambo la thamani kubwa, nalo halidai hata senti moja.

Mwenzake wa muhogo

Hata muhogo ulioandaliwa vizuri wataka mwenzake. Mungu ameupa mwili wa mtu uwezo wa kuigeuza sumu kidogo iliyobaki na kuitoa kwa njia ya mkojo, lakini kazi hiyo yahitaji salfa, na salfa twaipata katika vyakula vya kujenga mwili, yaani samaki, nyama, mayai, maziwa na maharagi. Mtu alaye ugali wa muhogo kwa mchuzi mtupu wa chumvi na pilipili ameunyima mwili wake silaha. Ndiyo sababu twasema ya kuwa chungu cha Walikale na chungu cha Masisi vyahitajiana. Gunia la maharagi linaloshuka na mtungi wa mawese unaopanda ni dawa, ingawa mwuzaji hajioni kuwa mganga.

Maharagi nayo yana shida yake, ambayo ni kuni. Akina mama wa milimani hulalamika ya kuwa maharagi yao hayaivi, wakadhani ni ya zamani. Pengine ni ya zamani kweli. Lakini iko sababu nyingine. Kadiri tunavyopanda juu, maji huchemka kabla ya kupata moto mkali. Pwani ya bahari maji huchemka yakifika digrii 100. Penye kimo cha mita 2000, kama katika vilima vingi vya Masisi, huchemka yakifika karibu digrii 93, na hata ukiongeza kuni hayapati moto zaidi. Chungu chatokota kwa kelele, lakini maharagi yapikwa kwa moto mdogo kuliko ya Kisangani.

Dawa ya kwanza ni kuyaloweka usiku kucha na kuyamwaga yale maji asubuhi. Dawa ya pili ni kikapu. Chukua kikapu kikubwa, ukishindilie majani makavu ya mgomba chini na pembeni, ukiacha nafasi ya chungu katikati. Chemsha maharagi yaliyolowekwa kwa nguvu muda wa nusu saa kamili; usipunguze, maana maharagi mabichi yana sumu yake ambayo ni mchemko tu unaoiua. Halafu ukiepue chungu pamoja na kifuniko chake, ukiweke kikapuni upesi, ukifunike kwa majani mengine na blanketi kuukuu. Mama akaenda shambani, na chungu chaendelea kupika peke yake. Akirudi baada ya saa nne au tano atayakuta yamelainika, au karibu. Ayachemshe tena kidogo, atie kitunguu na mafuta. Katika nchi ambayo miti ya msitu yaendelea kugeuka makala, kikapu hicho kina kazi kubwa. Tumeona wanaume wakikicheka mpaka walipoonja.

Sombe, yaani majani ya muhogo, hayana budi kutwangwa sana, si kwa ajili ya ulaini tu. Majani hayo yana sumu kuliko mizizi, na kutwanga ndiko kunakoifungua. Kisha yachemshwe pasipo kifuniko, ili iruke na mvuke. Yakipikwa hivyo ni chakula bora, na karanga zilizosagwa hukiongezea nguvu. Siku za Ijumaa na wakati wa Kwaresima, familia nyingi huyatia sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Wazee wa zamani hawakuwajua: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaliana sana. Sambaza wakavu hubebeka mbali, hawahitaji barafu, na kikombe kimoja kikisagwa pamoja na vichwa na mifupa yao chatosha kuitia nguvu mboga ya nyumba nzima.

Sahani ya mtoto

Mwaka 1935 daktari mwanamke, Bibi Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika juu ya ugonjwa wa watoto ambao watu wa Accra waliuita kwashiorkor kwa lugha yao ya Kiga. Jina hilo lataja ugonjwa unaompata mtoto wa kwanza wakati mdogo wake azaliwapo. Walikwisha kuona ya kuwa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu ya mdogo wake huvimba miguu, nywele zake huwa nyekundu, ngozi yachubuka, na hataki kucheza. Hapa Kivu twaufahamu sana ugonjwa huo. Hospitali ya watoto ya Lwiro, karibu na Bukavu, imewatibu watoto wengi waliopatwa nao. Mama hushangaa, kwa kuwa mtoto wake hakulala njaa. Tumbo lake lilijaa ugali. Lakini ugali ni kuni za mwili. Matofali yake yalikosekana.

Hapa twataka kusema na akina baba. Katika nyumba nyingi, chakula kikiwa tayari, baba huletewa sahani yake ya kwanza na vipande vyote vya samaki. Watoto huchovya ugali katika mchuzi uliobaki, tena mdogo wao kwa mkono mfupi hushindana na ndugu zake wakubwa katika sahani moja. Hatusemi baba asiheshimiwe. Twasema kwamba mtoto wa miaka miwili apewe sahani yake mwenyewe, ndogo, yenye samaki wake aliyesagwa na maharagi yake yaliyopondwa, na mtu mkubwa akae karibu mpaka aimalize. Baba ndiye awezaye kuliamuru jambo hilo kwa neno moja, pasipo mama kuonekana amevunja desturi.

Kwa uji wa asubuhi, vituo vya lishe vya Kivu vimekwisha kuwazoeza watu masoso, yaani unga wa mahindi, soya na mtama. Soya lazima ikaangwe au ichemshwe kwanza, maana mbichi hulisumbua tumbo. Vipimo viwili vya mahindi na mtama kwa kipimo kimoja cha soya vyafaa. Uji ukiisha kuiva, tia kijiko cha mawese mekundu. Mawese yana dawa ya macho ndani ya wekundu wake. Kwa hiyo twasikitika kuwaona akina mama wanaoyachemsha mpaka yatoe moshi na kuwa meupe, wakidhani wameyasafisha, kumbe wameitupa sehemu iliyo bora.

Na wenye ng'ombe? Vita vilivyoanza mwaka 1993 na miaka iliyofuata viliyapunguza sana makundi ya Masisi, lakini maziwa yapo, na jibini ya Masisi, inayofanana na Gouda ya Waholanzi, yauzwa Goma na mbali zaidi. Ni biashara njema. Walakini tumeona nyumba ambayo maziwa yote huenda kwenye jibini na jibini yote huenda Goma, na watoto wa mchungaji hunywa chai kavu. Kikombe cha mtoto kitolewe kwanza, ndipo yaliyobaki yapelekwe. Nayo yachemshwe kabla ya kunywewa. Hata mashanza ni salama zaidi maziwa yakichemshwa kwanza, yakapoa, kisha yakatiwa kijiko cha mashanza ya jana ili yagande.

Kuhusu chumvi tutasema machache tu. Katika kisiwa cha Idjwi, waganga waliochunguza uvimbe wa shingo katika miaka ya 1960 na 1970 waliona ya kuwa ukosefu wa madini ya iodini wazidishwa na muhogo, kwa kuwa ile sumu, ikiisha kugeuzwa na mwili, huizuia iodini isifanye kazi yake shingoni. Kwa sababu hiyo, sisi walaji wa muhogo twapaswa kununua chumvi yenye iodini, kuiweka katika chombo chenye kifuniko mbali na moshi wa meko, na kuitia chunguni mwishoni.

Mkate pasipo tanuri

Wengi wametuuliza juu ya mkate. Kwanza tuseme wazi: mkate mweupe si chakula bora kuliko kwanga au viazi, ingawa watu huuona kuwa wa heshima kwa sababu ya asili yake. Kununua mkate kila asubuhi huku maharagi yamekwisha nyumbani ni hesabu mbaya. Lakini siku ya Dominika, baada ya Misa, mkate uliookwa nyumbani huwafurahisha watoto, tena waweza kuokwa juu ya mafiga matatu.

Kwa watu sita, twaa vikombe vinne vya unga wa ngano na nusu kikombe cha unga wa muhogo uliolowekwa vizuri na kuchekechwa. Usizidishe muhogo, kwa sababu hauna ule mvuto unaoufanya unga wa ngano uinuke. Ukizidi, mkate wawa mzito kama tofali. Tia kijiko kimoja cha chai cha hamira, ile iuzwayo madukani kwa jina la levure, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya mezani vya sukari na viwili vya mafuta. Mimina maji vuguvugu kikombe kimoja na nusu, kidogo kidogo. Kanda muda wa robo saa, mpaka kinyunya kisishike mikono. Kifunike kwa kitambaa, kikae mahali pa joto hata kiwe maradufu. Walikale yatosha saa moja, lakini Masisi siku ya baridi ngoja saa mbili au zaidi, karibu na meko. Kikande tena kidogo, ukitie katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, kiumuke mara ya pili.

Wakati huo andaa tanuri lako. Twaa sufuria kubwa nzito, afadhali iliyo kuukuu, utie mchanga mkavu safi wa unene wa vidole viwili, uifunike na kuipasha moto dakika kumi. Weka sufuria ndogo juu ya mchanga, rudisha kifuniko cha ile kubwa, na juu ya kifuniko uweke makaa mengi. Moto wa chini uwe mdogo, wa juu uwe mkubwa. Wanaounguza mkate karibu wote hufanya kinyume. Usifunue kabla ya nusu saa. Baada ya dakika arobaini hivi utoe mkate, uugonge chini kwa kidole. Ukilia kama ngoma, umeiva.

Asiye na ngano wala hamira asikose kitu kwa watoto. Jirani zetu wa Uganda huponda ndizi tamu zilizoiva sana, hata zile zilizoanza kuwa nyeusi, wakachanganya na unga wa muhogo mpaka zishikamane, wakakata vipande vya duara na kuvikaanga katika mafuta, huviita kabalagala. Havihitaji sukari, wala mayai, wala maziwa. Tumevijaribu kwa ndizi za Walikale na unga wa huko, na mawese badala ya mafuta mengine. Rangi yake ilikuwa nyekundu mno, na watoto waliita vya moto kabla havijatoka katika kikaango.